Maswali na Majibu: Kiingereza cha Mambo Yasiyotatulika

Swali, kutoka Morogoro: Mwalimu, "inextricable" na "insoluble" zina tofauti gani? Kamusi yangu inasema zote ni "-siotatulika".

Jibu: Kamusi yako imefupisha mno. "Inextricable" imetokana na neno la Kilatini tricae, yaani mambo ya kutatiza, ambalo pia ndilo asili ya "intricate" na "intrigue". Picha iliyomo ni ya vitu vilivyosokotana hata kimoja hakitoki bila kukivuta kingine. Mtazame mama anayemfumua binti yake nywele zilizosukwa kwa uzi na kuachwa muda mrefu: uzi umeng'ang'ania mizizi, na kila anapouvuta nywele zinakuja nao, mtoto akilia. Hiyo ndiyo "inextricable", na hapo hakuna swali lolote linalosubiri jibu. "Insoluble" inatokana na solvere, kulegeza au kufungua, kitenzi kilichozaa "solve" na "dissolve". Ndiyo maana hutumika kwa fumbo lisilo na jibu na pia kwa mchanga usioyeyuka majini.

Inanisikitisha kwamba tunaisaka picha hii ugenini ilhali tunayo nyumbani. Uzi ukitata, tunautatua, kama tunavyofunga na kufungua, tunavyofumba na kufumbua, tunavyoziba na kuzibua; "tatizo" lenyewe limezaliwa na fundo hilo. Walimu wanaowakataza wanafunzi kuligusa neno la Kiswahili katika somo la Kiingereza wanawanyang'anya ngazi ambayo tayari wameshaikanyaga.

Swali, kutoka Kisumu: Ni "insoluble", "insolvable" au "unsolvable"?

Jibu: Nimekwisha kulijibu swali hili mara kadhaa, nami nawaomba wasomaji walinakili jibu lake. "Insoluble" haina shida, "unsolvable" inakubalika, na "insolvable" si kosa ila ni adimu, kwa hiyo iacheni. Linalonitia hofu ni "insolvent", ambalo wengi huliandika wakikusudia jambo gumu. Hilo ni neno la mtu au kampuni iliyoshindwa kulipa madeni, na ukiliandika katika barua ya kazi kumhusu mteja, umemtangaza kuwa amefilisika.

Swali, kutoka Mombasa: Katika ripoti za idara yetu kila tatizo huitwa "intractable". Je, ni sawa?

Jibu: Si sawa, na kosa hili ni kubwa kuliko la sarufi. Neno hili limetokana na tractare, kushika na kushughulikia, nalo husema kwamba kitu kimeshikwa kikakataa kushikika: mtu mkaidi, au maumivu yasiyosikia dawa. Madaktari wamelitumia kwa kifafa, na maelezo ya chama cha kimataifa cha kupambana na kifafa, ILAE, ya mwaka 2010 kuhusu kifafa kinachostahimili dawa yanataka angalau dawa mbili, zilizochaguliwa na kutumiwa ipasavyo, ziwe zimeshindwa kwanza. Kiswahili chake ni "sugu", na sugu ya kiganjani huota baada ya kushika jembe siku nyingi, haioti kwa mtu aliyekaa. Idara ambayo haijajaribu hata njia moja haina haki ya kuliita tatizo lake "intractable". Iandike kwamba jambo halijashughulikiwa. Nanyi mnaohariri ripoti hizo, ulizeni ni nini kilichojaribiwa, na lini, kabla ya kuliruhusu neno hilo lipite.

Swali, kutoka Dodoma: Nimekubaliwa na vyuo vinne, sijui niende kipi. Je, hiyo ni "dilemma"?

Jibu: Hapana, "dilemma" hutaka njia mbili, na zote ziwe chungu.

Swali, kutoka Zanzibar: Je, "Gordian knot" ni fundo lisilofunguka kabisa?

Jibu: Ni fundo lililoonekana hivyo mpaka lilipopatiwa njia ya mkato. Inasimuliwa kwamba mwaka 333 KK Aleksanda Mkuu alifika Gordium, katika nchi ambayo leo ni Uturuki, akakuta gari la kukokotwa ambalo nira yake ilifungwa kwa fundo lisiloonyesha ncha. Wengi husema alilikata kwa upanga, lakini Aristobulus, aliyekuwa katika msafara wake, alieleza kwamba alichomoa kigingi kilichoishikilia nira. Mimi naipenda zaidi simulizi ya kigingi, kwa sababu aliyekichomoa alikuwa amelichunguza fundo kwanza. Kwa hiyo usilitumie neno hili kwa mgogoro usio na njia ya mkato. Na mnaotafsiri, "Gordian" ni kivumishi, si jina la mtu. Andikeni "fundo la Gordius", mfalme ambaye gari lile lilihusishwa naye.