Goti baada ya upasuaji: arudi lini kubeba mzigo?
Habari mkuu. Umekwama hapa: askari wako ana miezi 6 tangu kurekebishiwa ligamenti ya msalaba ya mbele (kano ya ndani ya goti inayolishikilia lisiyumbe), anakimbia bila maumivu, na kamanda anamtaka kwenye matembezi ya mzigo. Pima kwanza nguvu ya misuli ya mbele ya paja, kila mguu peke yake. Nikiwa kwenye mafunzo ya juu ya fiziotherapia ya michezo jeshini, niliamini mno kipimo cha kuruka kwa mguu mmoja. Umbali wa miguu yote miwili ulilingana, kumbe nyonga na kifundo vilikuwa vinalifidia goti! Nguvu ya mguu uliopasuliwa ikiwa chini ya asilimia 90 ya ule usioumia, mzuie. Hata akifika, mwombee muda hadi atimize miezi 9 tangu upasuaji. Hatari ya kuumia tena hushuka sana. Kisha ongeza uzito au umbali, si vyote wiki moja.