Usichanganye sarufi na ufahamu unapompima mtu mzima Kiingereza

Katika darasa langu la jioni hapa Kisumu, si mbali na soko la Kibuye, waliwahi kukaa kwenye dawati moja wanafunzi wawili walionifanya nianze upya kujifunza kazi ya kupima. Mmoja alikuwa mlinzi wa usiku mwenye miaka thelathini na kitu, aliyeachia shule kidato cha pili. Mwingine alikuwa mama muuza omena (dagaa wa ziwani) aliyekaribia miaka hamsini, ambaye hakuvuka darasa la sita. Niliwapa karatasi ya sarufi yenye maswali 40 ya kuchagua jibu; mlinzi akapata 34, mama akapata 13. Mlinzi nikamweka katika kundi la juu, mama katika kundi la wanaoanza, na kwa wiki tatu sikuwa na shaka kwamba nimewapanga sawasawa.

Wiki ya nne nilileta darasani karatasi ya maelezo ya dawa ya malaria, ile ambayo sisi tunaoishi kando ya ziwa tunaiita AL (kifupi cha artemether-lumefantrine), kwa kuwa nilitaka tusome kitu chenye matumizi nyumbani. Ilieleza kwa Kiingereza kwamba mtu mzima humeza vidonge vinne kila dozi, kwamba dozi ya pili hufuata saa nane zikishapita tangu ya kwanza, na kwamba baada ya hapo humeza asubuhi na jioni kwa siku mbili. Nikauliza: ukimeza dozi ya kwanza saa moja jioni, ya pili utaimeza saa ngapi? Mlinzi akajibu, kwa Kiingereza kisicho na kosa hata moja, kwamba ataimeza kesho yake asubuhi. Mama akahesabu kwa vidole, akasema kwa Kiswahili: "Saa tisa usiku, mwalimu. Hiyo ni ya kuamshwa na alamu ya simu."

Jibu lake ndilo lililokuwa sahihi, lakini sikulipokea mara moja. Mama aliyelea watoto wanne kando ya Ziwa Victoria ameuguza malaria mara nyingi kuliko nilivyofundisha somo hilo, na huenda alijua dozi hiyo bila kusoma chochote. Kwa hiyo nikamwomba anionyeshe mahali karatasi inaposema hivyo. Akapeleka kidole moja kwa moja hadi penye maneno "8 hours after the first dose", akakiacha pale. Alikuwa amesoma. Mlinzi naye alipoombwa aonyeshe, alipitisha macho juu chini, kisha akasema kwamba dawa zote humezwa asubuhi na jioni. Hapo ndipo nilipofahamu kwamba yale maswali 40 yalinieleza jinsi mlinzi alivyozoea karatasi za zamani za KCPE (mtihani uliokuwa wa kumaliza shule ya msingi Kenya), alizokuwa akizifanya kwenye kibanda cha lango usiku kucha, na kuhusu mama hayakunieleza lolote.

Nasema hayakunieleza lolote kwa hesabu wala si kwa huruma. Swali lenye majibu manne humpa anayebahatisha nafasi moja kati ya nne, kwa hiyo mtu asiyejua hata neno moja la Kiingereza anaweza kutarajia alama 10 katika maswali 40. Alama 13 ziko karibu mno na bahati nasibu kiasi kwamba huwezi kujua ni zipi alizozijua na ni zipi alizoziokota. Ilhali mimi nilizichukua nikamjengea mama wa watu kundi la kukaa. Mwalimu mwenzangu unayefundisha watu wazima, iwe ni Kondele, Kakamega au Nakuru, ushauri wangu wa kwanza ni huu: usitumie karatasi moja kupima sarufi na kusoma, na usiruhusu alama ya moja isimame badala ya nyingine.

Nianze na sarufi. Siku hizi siandiki tena karatasi ndefu inayogusa kila kitu mara moja moja. Ninachagua mambo sita tu, na kila jambo nalitungia maswali manne yaliyotawanywa ndani ya karatasi, ili yawe maswali 24. Mtu anayekisia tu atapata yote manne ya jambo moja kwa bahati mara moja katika 256, kwa hiyo anayepata matatu au manne naamini analijua jambo hilo, na anayepata moja au mawili najua pa kuanzia. Jumla siiandiki juu ya karatasi. Ninaandika mistari sita, kila jambo na alama zake, kwa sababu 14 kati ya 24 haimwambii mwanafunzi afanye nini kesho.

Mambo hayo sita siyatoi kwenye orodha ya vitabu vya Uingereza. Nayatoa katika lugha anazofikiria mwanafunzi wangu. Mtego mkubwa kwa anayefikiri kwa Kiswahili uko kwenye kiambishi -me-. Mlinzi amesimama langoni, mtoto amelala, nimechoka: hapo -me- inaeleza hali iliyopo sasa, na Kiingereza kitasema "is standing", "is asleep", "I am tired". Lakini katika "nimeshafunga duka", -me- hiyo hiyo inakwenda na "I have closed the shop". Kisha mtu anaposema "ninafanya kazi hapa tangu 2018", ambapo Kiswahili hakikuweka -me- kabisa, ndipo Kiingereza kinapodai "I have worked here since 2018". Mwanafunzi anayeandika "I am working here since 2018" hajasahau alichofundishwa. Anafuata kwa uaminifu kanuni ya lugha anayoijua zaidi. Ukimtungia swali moja tu la njeo hiyo (wakati wa kitenzi) hutaona ni mlango upi kati ya hiyo mitatu uliomfungia nje. Ukimtungia manne, utauona.

Jambo jingine ambalo karatasi nyingi hulisahau ni jibu la swali la kukanusha. Sisi tukiulizwa "Hujala?" hujibu "Ndiyo, sijala", tukikubaliana na maneno ya muulizaji. Kiingereza hutaka "No, I haven't". Mtu aliyeketi kwenye usaili wa kazi ya udereva akiulizwa "You don't have a licence?" naye akajibu "Yes", akimaanisha kwamba kweli hana, atakuwa amesema jambo ambalo hakulikusudia, na pengine hatapata nafasi ya kulirekebisha. Kwa mtu mzima anayetafuta kazi swali hilo lina uzito kuliko kanuni kumi za wingi wa nomino. Mengine ninayopima ni "he" na "she", kwa kuwa Kiswahili wala Kijaluo hakitenganishi mwanamume na mwanamke katika nafsi ya tatu. "A" na "the", ambavyo Kiswahili hakina. Na "in", "on" na "at", ambavyo vyote sisi tunaweza kuvibeba kwa -ni moja: nyumbani, mezani, mlangoni. La sita hubadilika kulingana na darasa. Wala siulizi majina ya kanuni. Mtu anaweza kujua jina la njeo asijue kuitumia.

Kabla ya kufika kwenye kusoma, kuna jambo ambalo hunichoma kila nikilikumbuka. Mzee mmoja fundi seremala alisoma vibaya sana mbele yangu kwa muhula mzima, akikwama kwenye maneno ambayo nilipoyaandika ubaoni aliyataja bila shida. Siku moja akaniambia kwa sauti ya chini, "Mwalimu, hizi herufi zinacheza." Alikuwa na miaka hamsini na mitano na hakuwa na miwani ya kusomea. Macho ya karibu kila mtu huanza kupoteza uwezo wa kuona vya karibu kuanzia takriban miaka arobaini, na mimi nilikuwa nimeandika katika daftari langu kwamba mzee huyu ni dhaifu katika kusoma. Tangu hapo simpimi mtu mzima kabla ya kumtazama anavyoshika karatasi. Akiisukuma mbali hadi mkono unyooke, ninaacha jaribio, na ninamshauri akapimwe macho kwanza. Maandishi nayachapa kwa herufi kubwa, mistari ikiwa imeachana, na jaribio halifanyiki chini ya balbu moja inayoning'inia katikati ya ukumbi.

Sasa kusoma kwenyewe. Kumsikiliza mtu akisoma kwa sauti si kupima ufahamu. Kiswahili huandikwa kama kinavyotamkwa, kwa hiyo wanafunzi wetu wengi wanaweza kuziburura sauti za Kiingereza kutoka kwenye karatasi bila maana kuingia, na wengine, kama yule mama, huelewa maandishi ambayo ulimi wao hauwezi kuyatamka. Ninampa mtu kifungu asome kimya, kisha namuuliza maswali kwa Kiingereza chepesi na kumruhusu ajibu kwa lugha anayoitaka. Nikilazimisha jibu liwe la Kiingereza, nitakuwa nimerudi kupima sarufi kwa mlango wa nyuma.

Kifungu lazima kiwe cha kiasi chake. Mwaka 2000 watafiti Marcella Hu na Paul Nation walionyesha kwamba ili msomaji aelewe vizuri hadithi bila msaada, anahitaji kujua takriban maneno 98 katika kila 100. Kwa hiyo kabla ya maswali humwomba mwanafunzi apige mstari chini ya kila neno asilolijua. Akipiga mistari kumi na miwili katika maneno mia moja, namletea kifungu kingine, kwani maswali ya kile cha kwanza yangepima msamiati peke yake.

Halafu kuna tatizo ambalo walimu wa watoto hawalipati kwa ukubwa huu: mtu mzima anajua mambo. Nilitunga kifungu kifupi kuhusu wavuvi wa Dunga, ufuo wa hapa Kisumu, kikisema kwamba ziwa linamilikiwa kwa pamoja na Kenya, Uganda na Tanzania, na kwamba mashua huondoka ufuoni kabla ya alfajiri. Chini yake nikaandika sentensi isemayo kwamba Kenya ndiyo yenye sehemu ndogo kuliko zote, nikawapa majibu matatu: kweli, si kweli, au kifungu hakikusema. Darasa zima likachagua "kweli". Ni kweli, sehemu yetu ni takriban asilimia 6 ya ziwa, na hakuna mkazi wa Kisumu asiyelijua hilo. Lakini kifungu hakikusema. Kwa hiyo siku hizi ninatunga vifungu vinavyopingana na mazoea: duka linalofungwa Jumamosi na kufunguliwa Jumapili, basi la kutoka Kisumu kwenda Busia linalopita Kericho. Anayesoma atanipa jibu la kifungu, anayekumbuka atanipa jibu la maisha, na kila jibu ninalifuatiza na ombi lile lile: nionyeshe mstari.

Mama mwingine aliwahi kunionyesha mstari sahihi kabisa na bado akakosa. Tangazo lilisema mkutano utaanza "7.00 a.m.", naye akaandika saa saba. Sarufi yake haikuwa na kasoro na macho yake yalikuwa mazima. Saa yetu na saa ya Kiingereza zinatofautiana kwa saa sita, na hakuna aliyemkalisha chini kumwambia. Alama yake ya ufahamu nilikuwa nimeshaipunguza kabla sijamuuliza amefikaje hapo. Nilimrudishia.

Zoezi la kujaza nafasi, ambalo watahiniwa wa KCPE walilijua kama nafasi 15 za mwanzo wa karatasi, na ambalo bado lipo katika karatasi ya kwanza ya Kiingereza ya KCSE (mtihani wa kumaliza sekondari), lina asili ya mwaka 1953, pale Wilson Taylor wa Marekani alipolitumia kupima ugumu wa maandishi. Unaiacha sentensi ya kwanza nzima, kisha unafuta kila neno la saba. Ni zoezi zuri, ila linapima sarufi na ufahamu kwa pamoja, kwa hiyo mimi hulitoa mwisho, nikishajua pande zote mbili. Nafasi ya "the" ikikosewa najua ni sarufi. Nafasi ya "because" ikijazwa "but", mtu huyo amepotea katika maana.

Wauguzi wanaojiandaa kwa IELTS (mtihani wa kimataifa wa Kiingereza) ili waende Uingereza wana shida tofauti, nami huwaambia mapema. Baraza la wauguzi la huko hutaka alama 7 katika kusoma, kusikiliza na kuzungumza, na 6.5 katika kuandika. Kusoma kuna vifungu vitatu na maswali 40 kwa dakika 60, na jibu la makosa halikatwi alama, kwa hiyo nafasi isiachwe wazi hata moja. Wengi wao hawakwami kwenye sarufi. Hukwama kwenye saa. Wafanye mazoezi kwa dakika 20 kila kifungu, tangu siku ya kwanza.

Na alama za mtu zibaki zake. Mwaka wangu wa kwanza nilizisoma kwa sauti mbele ya darasa, na baba mmoja aliyekaa nyuma ya kijana wa umri wa mwanawe hakurudi tena. Nilimtafuta kazini kwake mara mbili. Alinipokea kwa heshima, akaniambia kazi zimekuwa nyingi.

Yule mama wa omena nilimhamisha kundi wiki ile ile. Mlinzi naye anaendelea vizuri, sasa akisoma huku kidole kikiwa kwenye mstari. Katika mistari sita ya sarufi mama ana minne aliyoiweza, na "a" na "the" bado vinamsumbua. Juzi alikuja na barua ya mkopo wa chama chao, kurasa mbili za Kiingereza, akaikunjua mezani kwangu kabla sijavua koti, akaweka kidole penye neno "unless" na kuniuliza kama neno hilo linamfunga yeye au linamfunga mdhamini wake. Tulikaa na sentensi hiyo moja kwa karibu nusu saa.