Aliyekudhulumu sasa yuko chini yako

Wa alaykumu salaam, ndugu yangu. Umesema msimamizi wako alilikata jina lako kwenye orodha ya posho kwa miaka minne, ukavumilia kwa swala na dua. Leo msimamizi ni wewe, naye yuko chini yako. Pole sana. Lakini usilikate jina lake.

Qur'ani, sura ya Al-Maida aya ya 8, inasema chuki ya watu isitufanye tuache uadilifu. Yaani hata wewe mwenye hasira ya haki. Nabii Yusuf alitupwa kisimani na nduguze, akafungwa bila kosa, kisha akakabidhiwa hazina za Misri. Nduguze walipokuja kutafuta chakula aliwatimizia kipimo, tena akaamuru bidhaa walizolipia zirudishwe mizigoni mwao kimyakimya. Na wakati huo walikuwa hawajamwomba msamaha, hata kumtambua hawakumtambua!

Ukiandaa orodha, andika siku zake zote alizofanya kazi, usipunguze hata moja. Posho zako alizozuia zidai wazi, kwa maandishi, kwa wakubwa wenu. Hiyo ni haki yako. Moyo ukiwa bado haujawa tayari kumsamehe, endelea kumwomba Allah aulainishe.