Mkuu wa Mafinga, USIDONDOSHE ANY. Jibu kidogo, lakini jibu

Mkuu, usiweke hiyo sheria ya kudondosha maswali ya ANY. Kama umeshaiweka, itoe kwanza ndipo uendelee kusoma.

Umesema umefunga BIND ya ofisi (programu inayojibu maswali ya DNS, yaani ya majina ya tovuti na barua pepe), zoni, yaani rekodi za jina lenu, umeisaini kwa DNSSEC ili zisighushiwe, na logi imejaa maswali ya ANY kutoka anwani usizozijua. Umeuliza uyafanye nini. Mdau hapo juu amekujibu kwa mstari mmoja: dondosha ANY zote kwenye faiawoli, kazi imekwisha. Huo mstari naujua. Ulinitoa jasho kwenye baridi ya Uyole.

Nilikuwa nahudumia wateja wachache wa Mbeya na Mbozi, majina yao ya tovuti na barua pepe yamekaa kwenye seva zangu mbili. Laini ikaanza kujaa kila usiku. ANY ni swali linalosema "nipe kila ulicho nacho kuhusu jina hili". Swali lenyewe ni baiti sitini na kitu, jibu langu lilipita 3,000 kwa sababu ya zile saini za DNSSEC. Na kwa kuwa linapita kwenye UDP, njia isiyohakiki anwani ya mtumaji, mshambuliaji anaghushi anwani ya mtu mwingine, jibu lote likamwangukie huyo. Umegeuzwa manati, jiwe linampiga mtu usiyemjua.

Nikamwita mtaalamu. Akaja, akalipwa, akaandika sheria moja ya iptables (faiawoli ya Linux), ileile ya kudondosha ANY, akaniambia "mtu mwema hatumii ANY", akapanda basi. Mzigo ulishuka usiku uleule. Ndiyo maana nilimwamini, na ndiyo maana hata wewe utaamini.

Wiki ya pili akapiga katibu wa chama kimoja cha wakulima wa kahawa. "Kijana, mnunuzi wa Ulaya anasema barua zake zinarudi." Nikajaribu kutuma kutoka kwenye simu yangu, ikafika. Nikamwambia, "Mzee, kwetu kuko sawa, tatizo litakuwa kwao." Siku nne nzima nilimrudishia maneno hayohayo, na yeye kwa upole wake akawa anaitikia tu, "Haya mwanangu." Hiyo "haya" bado naisikia.

Kumbe mnunuzi alikuwa anatumia qmail, programu ya barua ya miaka ya 1990. Kabla ya kutuma, qmail inauliza ANY ya jina la mpokeaji (lile la baada ya @), inatafuta kama kuna CNAME, rekodi inayoelekeza jina moja kwenye jina jingine. Seva yao ya kuulizia, ile inayowatafutia majibu ya DNS, ikaja kwangu: kimya. Ikarudia: kimya. Ikaenda seva yangu ya pili: kimya, maana niliweka sheria ileile kote. qmail ikaandika CNAME_lookup_failed_temporarily na kuirudisha barua kwenye foleni. Isipobadilishwa, inaishikilia siku 7, kisha inamrudishia mtumaji. Kilichonizungusha zaidi ni kwamba barua nyingine zilipita. Seva ya kuulizia ikiwa na rekodi yoyote ya jina hilo kwenye kashe yake (kumbukumbu ya muda), inajibu ANY kwa hicho hicho kilichopo. Leo inapita, kesho inakwama, na wewe unaapa kwamba kwako hakuna shida.

Ndani ya foleni ile kulikuwa na ofa ya bei yenye siku ya mwisho. Siku ikapita. Kahawa waliiuza baadaye kwa bei ya chini, chama kikahama kwangu, na wateja watatu waliokuja kupitia kwa katibu wakahama nacho.

Nilipompigia yule mtaalamu akasema qmail imezeeka, walaumiwe wanaoitumia. Sasa mkulima wa Mbozi anahusikaje na umri wa programu ya mtu aliye Ulaya? Yeye alipanda, akapalilia, akachuma, akasubiri barua. Na asiniambie mtu hapa kwamba ningesoma nyaraka kwanza. Nguzo nilipanda mimi, kebo nilivuta mimi, simu za wateja nilipokea mimi. Fundi nilimlipa ili asome kwa niaba yangu.

Kwa hiyo: JIBU KIDOGO. Usimwage kila kitu, usinyamaze. Wala usirudishe REFUSED ("nimekataa") au NOTIMP ("sina huduma hiyo"), kwa sababu seva inayouliza itadhani yako ina hitilafu na kwenda kuisumbua ya pili. Hata Cloudflare, kampuni kubwa ya huduma za DNS, walipoacha kujibu ANY kwa ukamilifu mwaka 2015, walianza na NOTIMP kisha wakahamia HINFO, rekodi fupi ya maelezo ya mashine. RFC 8482, waraka wa kanuni za intaneti wa Januari 2019, imeliweka wazi: unaruhusiwa kuchagua rekodi za aina moja tu za jina hilo ukazitoa, au kutengeneza HINFO moja iliyoandikwa "RFC8482". qmail ikipata jibu lisilo na CNAME inaendelea kutafuta MX (rekodi ya seva ya kupokelea barua) na barua inaondoka. Tena qmail ambayo haijawekwa viraka (marekebisho) inashindwa pia jibu likizidi baiti 512, kwa hiyo hata ningeendelea kumwaga kila kitu, yule mnunuzi huenda angekwama vilevile.

Kwenye BIND kuanzia toleo la 9.11, katika faili la mipangilio, ndani ya options, andika:

minimal-any yes;

Haijawashwa yenyewe, lazima uiandike. Anayeuliza kwa UDP atapata rekodi za aina moja na saini zake. Anayeuliza kwa TCP atapata zote, kwa sababu TCP inadai mapatano ya pande mbili kwanza na anwani ya kughushi haiwezi kuyamaliza. Seva hiyo pia iwe na recursion no (isiwatafutie watu majina yasiyo yako), na uweke rate-limit (kikomo cha majibu yanayofanana), maana wale jamaa wakiona ANY haiwalipi watahamia DNSKEY na TXT, rekodi nyingine zenye majibu marefu.

Unapopima angalia hapa, mimi palinidanganya: dig (amri ya kuuliza DNS) za siku hizi zikiulizwa ANY zinakwenda kwa TCP zenyewe, utaona jibu refu udhani mpangilio haujakubali. Lazimisha UDP, tena ukiwa nje ya mtandao wa ofisi:

dig +notcp ANY jina-lako @seva-yako

Angalia mstari wa chini kabisa wa MSG SIZE, ndio ukubwa wa jibu kwa baiti. Fanya usiku huu, ubandike hapa ulichopata. Nipo macho.