Shangazi, mume wangu ananiita Republican

SWALI: Shikamoo Shangazi. Mimi ni Mwislamu kutoka Tanga, naishi Silver Spring, jimbo la Maryland, Marekani, mwaka wa sita sasa, na wanangu watatu wako shule ya msingi. Tuna kadi ya kijani, kibali cha ukaazi wa kudumu. Nasikia wazazi wa kaunti yetu waliishtaki bodi ya shule kwa sababu ya vitabu vya hadithi vinavyoeleza mapenzi ya jinsia moja, na wakashinda. Nataka wanangu watoke darasani vikisomwa. Mume wangu hataki. Anasema nimekuwa mhafidhina, mtu wa chama cha Republican, na wahafidhina ndio hao wanaotaka kutufukuza. Nikidai haki hiyo nitakuwa nimejiunga nao?
Mama wa Watatu

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kesi uliyoisikia ni Mahmoud dhidi ya Taylor. Shule za Montgomery, kaunti yenu, ziliingiza vitabu hivyo mwaka wa masomo wa 2022–2023. Mwanzoni mzazi aliarifiwa na aliweza kumtoa mwanawe, lakini Machi 2023 bodi ikaifuta ruhusa hiyo. Tarehe 27 Juni 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani, majaji 6 kwa 3, iliamuru kwamba wakati kesi ikiendelea wazazi waarifiwe mapema na watoto wao waruhusiwe kutoka. Walioandamana katika mji wa Rockville mwaka 2023 kuipinga bodi walikuwa Waislamu bega kwa bega na Waorthodoksi wa Ethiopia, wahamiaji kama wewe.

Mweleze mumeo na hili, maana naona halijui. Mwaka 1922 jimbo la Oregon lilipitisha sheria ya kumlazimisha kila mtoto asome shule ya serikali. Ku Klux Klan, kundi la Wazungu wabaguzi, waliiunga mkono, kwa kuwa waliwaona Wakatoliki kuwa watu wa kuja wasiostahili kuaminiwa. Masista wenye shule zao wakaenda mahakamani, na mwaka 1925 Mahakama ya Juu ikaibatilisha: mtoto si wa dola, waliomlea ndio wenye haki na wajibu wa kumwongoza. Mwaka 1972 Waamishi wa jimbo la Wisconsin, Wakristo wanaoishi kwa desturi za kale, nao walishinda kesi yao kwa hoja za jamaa hiyo hiyo. Kwa hiyo haki unayoililia waliipigania watu walioonekana wageni. Haina kadi ya chama.

Mimi ni mhafidhina, sifichi. Mume wangu alifariki Februari, theluji ikiwa imefika magotini. Ofisi moja ya msaada iliniweka kwenye simu mpaka nikakata mwenyewe. Asubuhi yake nikasikia beleshi likikwaruza mlangoni. Alikuwa jirani yangu, mzee Mmarekani ambaye kila uchaguzi huchomeka bango la Republican bustanini kwake, anazoa theluji ili wafiwa wapate pa kupita. Hakubisha hata hodi. Wiki ile nilihesabu jikoni bakuli 11 za kioo zilizoletwa na chakula, kila moja ina kipande cha plasta chini, kimeandikwa jina la mwenyewe ili nijue pa kuirudisha. Watanzania wenzangu wakachanga pesa za kusafirisha mwili. Huo ndio uhafidhina ninaoujua: nyumba kwanza, jirani, kanisa au msikiti, halafu ndiyo serikali.

Lakini usiidharau hofu ya mumeo, ina sababu zake. Mtu anayesema familia ndiyo msingi wa taifa, kisha akashangilia baba akitenganishwa na wanawe, simwelewi hata kidogo. Nimemwambia jirani yangu hivyo uso kwa uso. Alikasirika, siku mbili tatu hakunisalimu, kisha akaja na nyanya za bustanini kwake.

Kuwa mwangalifu hapa: kadi ya kijani si uraia. Ukipewa fomu ya kujiandikisha kupiga kura unapochukua leseni ya udereva, usiijaze. Kosa hilo laweza kukufukuzisha nchini kweli. Mikutano ya bodi ya shule ni jambo jingine, mzazi huomba nafasi akazungumza, na wagombea wa bodi hiyo hawaandikwi vyama kwenye karatasi ya kura.

Na wanao nao waambie. Huenda darasani kuna mtoto mwenye mama wawili. Asichekwe, asinyimwe mpira, na wazazi wake wasalimiwe getini kama wazazi wengine. Hilo nalitilia mkazo kuliko barua ya kuomba wanao watoke darasani.

Kabla ya kuandika chochote, ombeni shuleni mvione vitabu vyenyewe, mvisome nyote wawili usiku watoto wakilala. Mumeo aseme, nawe useme. Mkiafikiana, barua iwe na sahihi mbili na itaje majina ya watoto na madarasa yao. Mpelekee mwalimu mkuu mkononi, na wewe ubaki na nakala iliyoandikwa tarehe aliyoipokea.