Umetoka kupasuliwa uvimbe wa ubongo? Usithubutu kuacha deksamethasoni ghafla

Mkuu, umeuliza mambo ya kurudi kazini, kuendesha gari na kovu, ila mi nimeganda hapo uliposema kesho unaacha deksamethasoni kwa sababu uso umevimba, usingizi huna na shemeji yako kakwambia steroidi (deksamethasoni ni mojawapo) ni sumu. USIACHE!!

Mi niliziacha hivyo hivyo, kwa mkupuo. Aliyenidanganya ni mwenzangu wa wodini, yeye alikunywa za siku chache tu akaacha na hakupata shida, basi akaanza kutoa ushauri kama kasomea. Mi nilikuwa nazinywa wiki nyingi, tangu kabla ya upasuaji, maana ndo zinazopunguza maji yanayojaa kwenye ubongo kuzunguka uvimbe. Sasa ukizinywa muda mrefu, zile tezi mbili zilizokaa juu ya figo zinalala, hazitengenezi tena kotisoli, steroidi ya mwili wenyewe, kwa sababu inaonekana ipo ya kutosha. Ukikata ghafla unakosa ya vidonge na ya mwili pia. Presha ikaporomoka, nikisimama naona giza, natapika mfululizo, viungo vinauma, kushika kikombe siwezi, na nyumbani wanalia wakijua uvimbe umerudi au damu imevujia kichwani. Nikakimbizwa hospitali, CT scan ikaonyesha kichwani hakuna tatizo jipya, ndo daktari akauliza, kuna dawa umeacha? Nikachomwa haidrokotisoni, steroidi ya kuziba pengo la hiyo kotisoli, kwenye mshipa na kutundikiwa dripu. Kufunguliwa fuvu kwenyewe hakukunitesa vile!

Na aliyeniruhusu kutoka wodini naye sijamsamehe, karatasi aliyonipa ina jina la dawa na mara ngapi kwa siku, basi, hakuna hata mstari mmoja wa kusema usiache ghafla. Mtu katoka kupasuliwa ubongo juzi, kichwa kina bandeji, unategemea akumbuke ulichomwambia kwa mdomo?

Kwa hiyo dozi haishuki mpaka timu iliyokupasua ikuandikie ratiba, tarehe hii kiasi hiki, tarehe ile kiasi kile. Vidonge visikuishie ndani, fuata vingine mapema. Ukitapika ukashindwa kuvimeza usikae nyumbani kusikilizia, nenda hospitali. Daktari yeyote utakayemwona, hata wa meno, mwambie unatumia steroidi. Usingizi nao una njia, waulize kama dozi ya jioni inaweza kusogezwa mapema mchana, na wakupime sukari maana hizi dawa zinaipandisha. Uso utapungua wenyewe taratibu dozi ikishushwa. Kama wamekupa na za kuzuia degedege, hizo nazo usiziguse bila wao.

Shemeji mwambie asante, ila mwenye kauli ni aliyekupasua. Na kama ya leo asubuhi umeshairuka, piga simu hospitali sasa hivi alafu rudi hapa utuambie wamesemaje.