Bahasha ya mwalimu, na watoto je?

Mhariri, mmetuuliza wasomaji: mzazi amshukuru vipi mwalimu anayemfundisha mwanawe muziki? Mimi naanza na watoto, maana hao ndio wanaosahaulika. Kwa walimu, sisi watu wa Moshi hatujambo: shuka, bahasha, jogoo wa mnada, na mwenyekiti wa kamati haachii kipaza sauti. Mtoto aliyepuliza tarumbeta tangu asubuhi anapewa soda na kuambiwa awapishe wageni.

Na matarumbeta huku si mambo ya jana. Wamisionari wa Kilutheri wa Leipzig, Ujerumani, walifika Machame mwaka 1893, na upulizaji huu uliotoka huko Ujerumani sasa ni wetu kabisa, kuanzia kipaimara na harusi hadi msibani.

Nilichokiona Old Moshi, Siku ya Mikaeli na Watoto, ile sikukuu ya watoto kanisani, sikisahau. Ibada imeisha, ndizi na mayai yamenadiwa, mwalimu wa bendi kavishwa shuka. Badala ya kurudi kukaa, akawageukia watoto. Binti wa tromboni akaambiwa, “Asante mama, leo uliutazama mkono wangu.” Kisha akamfikia kijana wa besi, lile dude kubwa kuliko mwenyewe, ameliegemeza kwenye benchi. “Na wewe baba, asante kwa kuhesabu.”

Mimi nilikuwa nimekaa upande wa dirishani, nilikuwa nimemwona. Wenzake wanapuliza, yeye kanyamaza, kidole kinagonga paja, raba inagonga sakafu, midomo inasema moja, mbili, tatu, nne, tena na tena. Zamu yake ikafika, akaingia palepale, sauti chache tu, nzito, akanyamaza tena. Nadhani wengi kanisani hawakujua kama kuna mtu ameingia. Sasa anatajwa mbele ya watu, alama nyekundu ya chuma bado ipo mdomoni, anajifuta kwa mkono wa shati. Bibi yake, jirani yangu kwenye benchi, akaniuliza, “Kahesabu nini?” Nikamwambia, “Alikuwa anahesabu pale anaponyamaza, Bibi, ili asiwaharibie wenzake.” Akapiga makofi peke yake, kwa nguvu, mpaka sisi wengine tukaunga.

Nilikusudia kuandika kwamba bahasha haina maana, neno kama lile latosha. Lakini nikiandika hivi namkumbuka yuleyule mwalimu akishuka kwenye bodaboda jioni za mazoezi, nauli ikitoka mfukoni mwake. Basi bahasha itangulie, na iwe posho ya kila mwezi iliyoandikwa kwenye bajeti ya usharika. Najua zipo sharika za milimani ambazo sadaka haitoshi hata bati. Hizo angalau zimlipie nauli.

Watoto nao washukuriwe kwa kile hasa walichofanya. Ila wapo wasiopenda kutajwa hadharani. Kitindamimba wangu angekimbilia nje. Huyo mwambie jikoni, mkiwa mnamenya ndizi.

Mama wa watoto watatu, Kiboriloni, Moshi